Unahesabiwa nyumba ngapi? Ushuru wa stempu kwa anayenunua nyumba England akiwa na nyingine kwingine

Angela Rayner alinunua fleti Hove, mji wa pwani uliopakana na Brighton, mwezi Mei 2025 kwa pauni 800,000 hivi. Akalipa ushuru wa stempu, ile kodi anayolipa mnunuzi wa nyumba, pauni 30,000. Septemba akakiri hadharani kwamba alipaswa kulipa kiwango cha juu cha anayeongeza nyumba, yaani pauni 40,000 zaidi. Tarehe 5 ya mwezi huo akajiuzulu unaibu waziri mkuu wa Uingereza, uwaziri wa nyumba na unaibu kiongozi wa chama cha Labour, vyote kwa siku moja.

Watu walicheka: waziri wa nyumba kanaswa na kodi ya nyumba! Mimi naandaa makaratasi ya uhamisho wa nyumba katika ofisi ya mawakili hapa Reading, na mtego huohuo naukuta mezani kila mara. Wanaonaswa ni muuguzi mwenye nyumba Kitengela, au dereva wa basi aliyejenga Mbezi na kuiandikisha kwa jina la mwanawe ili isije ikaleta maneno. Wote husema: "Lakini hapa sina nyumba nyingine kwa jina langu." Sheria haiulizi hivyo. Ina namna yake ya kuhesabu, na kabla hujatoa ofa ya kununua nyumba yoyote hapa, inabidi ujihesabu kama inavyokuhesabu yenyewe.

Ninachoeleza ni cha England na Ireland ya Kaskazini. Scotland na Wales wana kodi zao, nitazigusa mwishoni.

Orodha kwanza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa haitapotea, itakutokea mbele siku ambayo huna pesa. Kwa hiyo chukua karatasi uandike kila nyumba ya kuishi ambayo wewe, mumeo au mkeo, na kila mwanao aliye chini ya miaka 18 ana haki nayo, popote duniani.

Popote ni popote. Nyumba ya Mombasa, ya Arusha, ya Kampala, zote zinaingia, hata kama hujawahi kulala humo usiku mmoja, hata kama amekaa mpangaji miaka yote. Hapa ndipo watu wetu wengi hukwama, kwa sababu wanasikia "nyumba ya pili" wakafikiri ni ya pili ndani ya Uingereza.

Nyumba inahesabika ikiwa haki yako ndani yake ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi siku unayokamilisha ununuzi wa hii mpya. Ni thamani ya soko, yaani ambacho mnunuzi angelipa leo. Gharama ulizojengea mwaka 2009 hazina kazi tena, na deni la benki halitolewi. Mkiwa wawili mnaomiliki, tazama thamani ya sehemu yako. Badilisha shilingi kuwa pauni kwa kiwango cha siku hiyo, uandike ulikotoa kiwango hicho.

Nyumba ikionekana kuwa karibu na hapo kwenye 40,000, usiikadirie kwa macho, wala usimpigie binamu akutajie bei ya jirani. Mtume mthamini aliyesajiliwa, akupe ripoti yenye tarehe na mhuri. Utamlipa kiasi, ndiyo. Lakini kwenye nyumba ya pauni 300,000 tofauti ya kodi ni pauni 15,000, na siku mamlaka ya kodi, HMRC, ikiuliza, ile ripoti ndiyo itakayokusemea.

Kiwanja kitupu si nyumba. Shamba si nyumba. Fremu za maduka barabarani si nyumba, ingawa chumba cha kuishi kilicho nyuma yake kinaweza kuwa. Pagale je? Sheria inasema jengo linalojengwa ili liwe makazi nalo huhesabiwa kuwa makazi. Kwa hiyo lile ulilopaua na linasubiri madirisha, liandike. Msingi ulioota majani tangu fundi aondoke, hapo mweleze mshauri wa kodi hali yake ilivyo, na picha umtumie, maana jibu litategemea kama kweli kuna ujenzi unaoendelea.

Nyumba ya mama. Karibu kila mtu anayo moja. Kama ulimjengea ikawa yake, hati yake, maamuzi yake, basi ni yake na haikuhusu. Kama hati ina jina lake lakini kodi ya pango inaingia kwako na siku ya kuuza utaamua wewe, jibu linaelekea kuwa mali ni yako na yeye amekushikia. Na kinyume chake: nyumba anayoishi mama lakini hati ina jina lako, na hamkuwahi kukubaliana vingine, ni yako hata kama mtaani wanaiita kwa mama fulani.

Nyumba ya urithi ina nafuu yake. Ukirithi sehemu isiyozidi nusu, na haijapita miaka 3 tangu uipate, haikuhesabii. Ndugu watano mliogawana nyumba ya marehemu baba mwaka jana mna nafasi hiyo. Miaka 3 ikipita, thamani ya sehemu yako ndiyo itakayoamua. Sehemu ya mwenzi wako wa ndoa inajumlishwa na yako katika kutazama ile nusu.

Mume na mke

Wanandoa wanaoishi pamoja huhesabiwa kama mtu mmoja. Mkeo ana nyumba Tanga aliyoipata kabla hamjaoana, na wewe unanunua Slough kwa jina lako peke yako: nyumba ya Tanga inakuhesabia. Kumwacha nje ya hati hakusaidii kitu. Mmetengana kwa amri ya mahakama, kwa hati rasmi ya kutengana, au kwa hali inayoonyesha kwamba hamtarudiana? Hapo kila mtu anasimama peke yake. Kulala vyumba tofauti kwa hasira si kutengana.

Mtoto na amana: palipomkwaza Rayner

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu magazeti yalipiga kelele sana na kueleza kidogo.

Rayner alikuwa na nyumba ya familia Ashton-under-Lyne, karibu na Manchester, jimbo lake la uchaguzi. Mwaka 2020 mahakama ilianzisha amana kwa ajili ya mwanawe mwenye ulemavu, kusimamia fidia aliyopewa mtoto. Amana ni mali inayoshikwa na wadhamini kwa faida ya mtu mwingine. Kwetu wengi wanaijua kwa sura ya wakfu. Baada ya ndoa kuvunjika mwaka 2023, sehemu ya haki katika nyumba ile iliwekwa kwenye amana. Watoto walibaki nyumbani na wazazi wakawa wanapokezana kuja kukaa nao. Januari 2025 Rayner aliiuzia amana sehemu iliyobaki, robo ya nyumba, kwa pauni 162,500. Fedha hizo zikamsaidia kununua Hove.

Kwa akili ya kawaida alikuwa amemaliza. Ameuza, hana tena haki Ashton, Hove ndiyo nyumba yake pekee. Lakini sheria, jedwali la 4ZA la Sheria ya Fedha ya 2003, ina kifungu kinachotazama amana za watoto. Ikiwa mtoto wako ana umri chini ya miaka 18, na kwa mujibu wa amana ana haki ya kuishi katika nyumba maisha yake yote au ya kupokea mapato yake, au wadhamini wameishika tu kwa jina lake, haki hiyo inahesabiwa kuwa ya mzazi. Kifungu kiliwekwa kuwazuia matajiri wasifiche nyumba kwa watoto wao. Kilipoandikwa hakikumfikiria mtoto mwenye ulemavu na nyumba iliyotengenezwa kwa mahitaji yake, na mimi binafsi naona hapo sheria ni kali kuliko ilivyohitaji kuwa. Lakini ndiyo sheria.

Sasa geuza macho kwetu. Ni wangapi wamewaandikisha watoto nyumba? Kwa baraka, kwa kuogopa ugomvi wa ndugu, kwa kuogopa ndoa ya pili. Nyumba iliyo nje ya Uingereza ambayo mwanao mdogo ana haki nayo, sheria inaichukua kana kwamba ni yako wewe mzazi. Yule dereva wa Mbezi aliamini jina la mtoto limemtoa kwenye hesabu. Halikumtoa. Mtoto akifika miaka 18 mambo hubadilika, na kama anakaribia, tarehe ya kukamilisha ununuzi ni jambo la kuzungumza na mshauri mapema.

Mnaonunua pamoja

Mdogo wako anataka nyumba yake ya kwanza, mshahara hautoshi kwa benki, anakuomba uingie naye kwenye hati. Wewe una nyumba tayari. Mkiwa wanunuzi wawili na mmoja wenu ananaswa na kiwango cha juu, nyumba nzima inatozwa kiwango cha juu, na yeye anapoteza punguzo la mnunuzi wa kwanza juu yake. Upendo wako utamgharimu maelfu. Kuna benki zenye mikopo ambayo ndugu anaingia kwenye deni bila kuingia kwenye hati. Ulizeni hiyo kwanza, na wewe ujue kwamba deni utakuwa nalo.

Hesabu yenyewe

Tangu tarehe 1 Aprili 2025 viwango vya kawaida ni hivi: pauni 125,000 za kwanza hazitozwi, kutoka hapo hadi 250,000 ni asilimia 2, hadi 925,000 ni asilimia 5, hadi milioni 1.5 ni asilimia 10. Zaidi ya hapo asilimia 12. Kila kiwango kinatoza kipande chake tu cha bei.

Anayeongeza nyumba anaongezewa asilimia 5 juu ya kila kipande, kuanzia pauni ya kwanza, ilimradi bei ni pauni 40,000 au zaidi. Nyongeza hii ilianza Aprili 2016 kwa asilimia 3, George Osborne akiwa waziri wa fedha. Rachel Reeves akaipandisha hadi 5 kuanzia tarehe 31 Oktoba 2024, siku moja baada ya kusoma bajeti. Kwa hiyo rafiki aliyenunua mwaka 2022 akikutajia alicholipa, msikilize kwa adabu na usitumie hesabu yake.

Jaribu kwa fleti ya Hove. 125,000 za kwanza, sifuri. 125,000 zinazofuata kwa asilimia 2 ni 2,500. Zilizobaki 550,000 kwa asilimia 5 ni 27,500. Jumla 30,000, alicholipa. Nyongeza ni asilimia 5 ya 800,000 nzima, yaani 40,000. Jumla 70,000.

Na nyumba ya pauni 300,000, bei ambayo wateja wangu huizungukia sana? Mnunuzi wa kwanza kabisa halipi kitu. Mnunuzi wa kawaida analipa 5,000. Anayeongeza nyumba analipa 20,000. Nyumba ile ile, mlango ule ule.

Nisipite bila kusema hili la mnunuzi wa kwanza, maana nalo lina mtego. Punguzo hilo ni la mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba popote duniani, hata kwa urithi, na bei isizidi pauni 500,000. Uliwahi kuwa na nyumba Nakuru ukaiuza mwaka 2012? Wewe si mnunuzi wa kwanza. Utalipa kiwango cha kawaida, na kwenye fomu usiweke alama pale.

Ukiwa unahama

Kuna mlango halali wa kutokea. Ukiuza nyumba uliyokuwa ukiishi kama makazi yako makuu, na hii mpya ndiyo utakayoishi, hulipi nyongeza, hata kama una nyumba nyingine tatu Dodoma. Iliyouzwa iwe imeuzwa ndani ya miaka 3 kabla ya ununuzi huu, na mwenzi wako asibaki na haki ndani yake.

Ukinunua kabla ya kuuza ya zamani, unalipa nyongeza kwanza. Ukiiuza ndani ya miaka 3, unadai urudishiwe. Dai hilo lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu uuze, au miezi 12 tangu tarehe ya mwisho ya kupeleka fomu ya ununuzi, ile itakayochelewa zaidi. Fomu iko mtandaoni kwenye tovuti ya serikali, bure. Kuna kampuni zinazowatumia watu barua zikiahidi kudai kwa niaba yao na kukata asilimia nono. Jaza mwenyewe, au mwombe wakili aliyekuhudumia.

Kuuliza kwa namna inayokulinda

Mshauri huru wa maadili, Sir Laurie Magnus, aliandika kwamba Rayner alitenda kwa uadilifu, ila alivunja kanuni za mawaziri kwa sababu moja: ushauri wa kisheria alioupata ulibeba tahadhari kwamba si ushauri wa kitaalamu wa kodi, na kwamba autafute kwa mtaalamu. Hakuutafuta.

Tahadhari hiyo imo karibu katika kila barua ya makubaliano inayotoka ofisi za uhamisho wa nyumba. Itafute kwenye yako leo, huwa iko ukurasa wa tatu au wa nne kwa maandishi madogo: hatutoi ushauri wa kodi. Sisi tunajaza fomu kwa majibu unayotupa. Kikokotoo cha mtandaoni nacho ni hivyo hivyo; ukikiambia huna nyumba nyingine, kitakupa namba ya mtu asiye na nyumba nyingine.

Ukiwa na lolote kati ya haya, amana, mtoto mwenye mali, talaka, urithi, nyumba ya nje inayokaribia pauni 40,000, mtafute mshauri wa kodi aliyesajiliwa kabla ya kubadilishana mikataba, hatua inayokufunga kununua. Usimpigie simu tu. Mwandikie barua pepe yenye ile orodha yako yote, kila nyumba, nani kwenye hati, tangu lini, thamani gani, nani anaishi. Kisha muulize kwa maandishi: kwa mambo haya, nilipe kiwango gani, na kwa kifungu kipi? Jibu lake lihifadhi pamoja na ripoti ya mthamini. Ukificha nyumba moja kwenye barua, umenunua ushauri wa mtu mwingine. Nimeona mteja akimwonyesha mshauri hati mbili na kubakiza ya tatu kwa aibu, kwa kuwa nyumba hiyo alikuwa amemficha mkewe. Sikumwelewa, lakini nilimwambia arudi na karatasi zote.

Kama ulishalipa pungufu

Fomu na malipo vinatakiwa ndani ya siku 14 tangu kukamilisha ununuzi. Ukigundua kosa, unaweza kurekebisha fomu ndani ya miezi 12 tangu tarehe hiyo ya mwisho. Ikishapita, bado waandikie HMRC. Riba itakuwepo kwa vyovyote. Faini inategemea mwenendo wako: kwa uzembe inaweza kufika asilimia 30 ya kodi iliyokosekana, na ukijitaja mwenyewe kabla hawajakufuata inaweza kushuka hadi sifuri. Uliyedanganya kwa makusudi ni hadi asilimia 70, na ukificha ushahidi ni hadi 100. Aliyechukua tahadhari za kutosha, akauliza mtaalamu na kumweleza kila kitu, kwa kawaida hapigwi faini hata jibu likija kuwa na kosa. Atalipa kodi na riba.

Usijidanganye kwamba nyumba ya Kitengela hawataijua. HMRC inaweza kurudi nyuma miaka 4, kwa uzembe 6, kwa makusudi 20. Na nchi nyingi sasa zinapeana taarifa za akaunti za benki zinamoingia kodi za wapangaji.

Mambo mawili ya haraka kwa walio nje. Ukinunua England bila kuwa umekaa Uingereza angalau siku 183 katika miezi 12 kabla ya ununuzi, kuna asilimia 2 nyingine juu ya hizo zote. Ukija kukaa siku hizo ndani ya mwaka unaofuata, unaweza kuidai. Na anayenunua Scotland asitumie hesabu zangu: huko nyongeza ya anayeongeza nyumba ni asilimia 8 tangu Desemba 2024, inakusanywa na mamlaka yao wenyewe, Revenue Scotland. Wales pia wana mamlaka yao na vipande vyao vya bei. Ile orodha ya mwanzo peleka nayo huko, ila mwambie mshauri wa huko akupigie hesabu upya kutoka mstari wa kwanza.